Viti Kumi vya Mchezo Uliokimbiwa

Siku ya kwanza kuingia ukumbi ule niliingia na hasira zangu. Nilikuwa nimetoka kwa mfungaji mizigo, yule aliyekuwa akifunga marobota yetu chini ya ghorofa moja nyuma ya Barabara ya Zhanqian, na kwa mara ya tatu wiki ile alikuwa ameniambia mingtian. Mingtian ni kesho. Ukikaa Guangzhou wiki mbili tu, hata kama hujui neno jingine la Kichina, hilo utalijua, na utalichukia. Kontena letu lilikuwa halijajaa. Tulikuwa wanawake watatu wa Kariakoo, tumechangia kontena moja na Wakongomani ambao hata sura zao hatukuwahi kuziona, na suruali zao zilikuwa bado ziko kiwandani. Basi ndiyo tukae tusubiri. Mimi na kusubiri, jamani, hatupatani tangu nizaliwe.

Mlango wa pili kutoka pale kulikuwa na ngazi za kupanda kwenye wangba, ndivyo Wachina wanavyoziita kumbi zao za intaneti. Nikapanda ili nimwandikie dada yangu wa Dar barua pepe, nimlalamikie dunia nzima. Mwenye ukumbi alikuwa mama wa makamo, miwani kaining'iniza kifuani, hodari wa kuwaelekeza watu kwa kidevu bila kufungua mdomo. Sote tulimwita laobanniang, mama bosi. Mashine zilikuwa nyingi, moshi wa sigara umetanda hata mwisho wa ukumbi huuoni, na kila mashine ina mtu wake. Kiti kimoja tu kilikuwa kimetoka kuachwa, kwenye safu ya dirishani yenye mashine kumi. Nikakaa. Ala! Vijana kama ishirini waliosimama nyuma ya safu ile wakaanza kunipigia kelele: hapa si pa barua, hapa ni pa mchezo, inuka. Nikawajibu kwa Kiswahili, kwa sauti yangu ileile ya sokoni, kwamba nimelipa kama wao na siinuki ng'o. Maneno hawakuyaelewa, ujumbe waliupata.

Aliyecheka peke yake ni mwanamume wa kiti cha jirani. Mfupi, mabega mapana, taulo shingoni, miguuni kandambili za plastiki. Nilimjua sura. Alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliokuwa wakikokota marobota kwa vigari vya chuma kutoka maduka makubwa ya nguo ya Guangyuan Xilu mpaka kwa wafungaji mizigo. Akawaambia wale vijana neno moja, wote wakanyamaza. Nikashangaa. Mpagazi gani huyu anayetiiwa na watu namna hii? Baadaye nikajua kwamba kwenye safu ile hakukuwa na aliyewahi kumshinda, na kwamba mwaka mmoja nyuma alipelekwa kushindana na watu wa miji mingine akarudi na fulana na kibodi. Kompyuta ya kuchomekea hiyo kibodi hakuwa nayo.

Mchezo wenyewe nitaueleza kwa kifupi. Unapewa nyumba moja, wachimbaji watano na mgodi wa dhahabu. Mwenzako naye kapewa hivyohivyo, yuko mahali fulani gizani kwenye ramani, humwoni. Unachimba, unajenga, unanunua askari, unamtuma mtu akachungulie mwenzako anajenga nini. Halafu mnapigana mpaka mmoja aishiwe nyumba au akubali yaishe. Basi. Nilipotazama kwa nusu saa nikasema, kumbe hii ni Kariakoo! Una mtaji mdogo, una jirani anayeuza kama unachouza wewe, na humjui kesho ataleta nini.

Akanifundisha. Lugha yetu ilikuwa Kichina changu cha kuulizia bei, vidole, na kikokotoo. Kila mfanyabiashara wa Guangzhou hutembea na kikokotoo cha kupatania bei, basi yeye akichukua changu akiandika tano ananionyesha: wachimbaji watano, si wanne, tano! Mimi nilikuwa na balaa langu. Dukani Guangzhou ukitaka bei ishuke, unaondoka. Unafika mlangoni, mwenye duka anakuita, bei imeshuka. Mkono wangu ulishazoea, kwa hiyo vitani nikiona mambo magumu nawaondoa askari wangu wote nawapeleka pembeni, nasubiri mwenzangu aniite tuzungumze. Aniite wapi? Anaingia mjini kwangu anachoma kila kitu. Mpagazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa taulo. Kwa kuwa jina lake lilinishinda kutamka, nikawa namwita mdogo wangu, naye ananiita dajie, dada mkubwa, ingawa nina hakika kanizidi miaka miwili.

Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya michezo ile mikubwa ya Beijing. Nilikuwa nakwenda na kurudi, safari nne kwa mwaka, na kila nikitua nilipeleka mzigo wa salamu ukumbini kabla hata ya kufungua begi. Wakati ule kupata kiti safu ya dirishani ilikuwa shughuli. Kulikuwa na desturi yao, na nani aliyeianzisha hakuna ajuaye: ukishindwa unainuka. Uwe mkubwa, uwe umelipa saa tano, ukishindwa unainuka, aliyesimama nyuma yako anakaa. Hakuna kubishana. Mimi mbishi nilibisha mara moja, nikaona aibu yangu mwenyewe, nikainuka.

Halafu, safari moja baada ya nyingine, nikaona watu nyuma ya viti wanapungua. Kwanza ulikuja mchezo mwingine ambao kila mtu anaendesha shujaa mmoja tu, na wenzake wanne upande wake. Vijana wakauhamia kwa makundi. Niliuliza una nini cha ajabu, mpagazi akaniambia, "Huko ukishindwa unamlaumu mwenzako. Huku ukishindwa ni wewe." Ukaja mchezo wa kucheza ngoma, mashine zikajaa wasichana na wavulana waliowafuata wasichana. Ukaja hata mchezo wa kulima mboga na kuiba za jirani, laobanniang mwenyewe akawa anaamka alfajiri kuwahi kabichi zake zisiibwe. Mchezo wetu mgumu, mchezo wa kukaa peke yako na makosa yako, nani anautaka? Picha za mabingwa zilizobandikwa ukutani zikaanza kujikunja pembe, hakuna aliyezibandika upya.

Mwaka uliofuata ile michezo ya Beijing, mwaka baada ya viza kutubana koo, nilirudi nikakuta safu ya dirishani ina watu wawili. Mmoja ni yeye. Alikuwa amekaa wima kupita kiasi, nikajua pana jambo. Mgongo ulikuwa umemkataa. Daktari kamwambia marobota basi, akiendelea ataja kutambaa.

Sasa hapo ndipo penyewe. Mkewe alikuwa akishona mikono ya mikoba Shiling, mji wa mikoba na ngozi, mwendo wa basi. Kila baada ya majuma mawili mmoja alimfuata mwenzake. Kama mwanamume hana kazi Guangzhou, itabidi arudi kwao Hunan akakae na wazazi, na mke abaki Shiling kwa sababu mshahara wake ndio ungewalisha wote. Wangeonana mwaka mpya wa Kichina, mara moja kwa mwaka. "Siku kumi," akaniambia, akaandika kumi kwenye kikokotoo, akaniwekea mkononi. Nilitaka kukitupa dirishani.

Alikwenda kumwomba laobanniang kazi ya kuangalia mashine. Laobanniang akasema mashine zinazojaa zinajiangalia zenyewe. Ila akampa nafasi moja, na nakumbuka alivyoitoa, bila kuinua macho kutoka kwenye kabichi zake. Jumapili ijayo, saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, viti vyote kumi vya dirishani viwe na watu wanaolipa na wanaocheza mchezo ule. Saa kumi na mbili atahesabu. Vikijaa, safu inabaki na yeye ndiye mwangalizi wake. Visipojaa, Jumatatu anaweka mchezo wa ngoma.

Mpagazi akaamua kuandaa mashindano. Akawapigia wote waliowahi kusimama nyuma ya viti vile. Mmoja kaoa, mkewe hataki. Mmoja anauza simu. Mmoja alicheka tu, akauliza kama mchezo huo bado upo. Siku mbili za kupiga simu, akapata watatu. Mikono yake ilikuwa mikubwa, lakini ile simu aliishika kama yai.

"Bado saba," akasema.

"Hao niachie mimi," nikamwambia. Domo langu hilo! Nilitoka pale sijui pa kuanzia.

Nilianza nyumbani, na wenzangu wawili wa Kariakoo niliokuwa nalala nao chumba kimoja. Wakaniuliza kama nimerogwa. Nikawaambia mtu kaumia kwa marobota, na kati ya hayo marobota yamo yenu, mmemwona kwa macho yenu akiyapandisha ngazi. Wakakubali. Kwa mfungaji mizigo nikamkuta bwana mmoja wa Unguja, mwuza vitambaa, mpole, ndevu zake kazichana vizuri. Akasema, "Dada, miye hata simu hunishinda. Lakini kama ni kukaa kitako, kukaa najua." Nikamkumbatia kwa maneno.

Wakongomani ndio walinitoa jasho. Kulikuwa na mzee wa Lubumbashi, mnunuzi wa suti, suti zake mwenyewe zimenyooka kuliko za dukani, kiongozi wa kwaya. Nikamweleza.

"Ah non, mama," akasema. "Hii iko mambo ya batoto. Mi niko mutu ya kanisa."

"Papa, mtu atatengana na mkewe."

Akavua miwani, akaifuta. "Bibi yake iko wapi?"

"Shiling, anashona mikoba."

"Bon," akasema. "Tutakuja. Lakini kisha kanisa." Na akaleta wawili wa kwaya.

Hao saba. Hesabu yangu imo na mimi ndani. Jumamosi, maduka yalipofungwa, tukapanda ukumbini kufundishwa. Mpagazi alipita kiti kwa kiti, mkono mmoja kaushika mgongo. Hakuwa na Kifaransa, hakuwa na Kiswahili, Kichina cha wanafunzi wake kiliishia kwenye tai gui, ghali mno. Alikuwa akichukua mkono wa mtu, anauweka kwenye kipanya cha kompyuta, anausogeza polepole. Mtu akikosea anatikisa kichwa anacheka, anaanza upya. Mimi ningewapiga makofi. Yule bwana wa Unguja alimsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Dada, hebu niulizie. Huyu mwenzangu kanikosea nini hata nikamchomee nyumba?"

Nikatafsiri nilivyoweza. Mpagazi akajibu kwamba hajakukosea, ndivyo mchezo ulivyo. Mzanzibari akasema haya, lakini nilimwona hajaridhika.

Jumapili saa nane, viti kumi vilijaa. Mzee wa Lubumbashi alikuja na suti ya kanisani na tai yake. Wale Wachina watatu, watu wazima sasa wenye vitambi, walikuwa wakitazamana na sisi kama wanajiuliza wameingia harusi ya nani. Laobanniang alichungulia, akainua kidevu kidogo, akarudi kwenye meza yake. Nikampa mpagazi ishara ya dole gumba. Jozi tano, mashindano yakaanza.

Dakika kumi na mbili hazikufika, Mchina mmoja alikuwa amemmaliza mwenzangu wa Kariakoo. Naye, kwa adabu, kwa kuwa Jumamosi tulifundishwa na desturi pia, akainuka. Akaenda zake kununua maji. Wachina wengine wawili walipambana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akashindwa, akainuka, akawasha sigara, akasimama. Mwanakwaya mmoja akashindwa na mwenzake, akainuka. Mimi nilishindwa na yule mwenzangu mwingine wa Kariakoo, aibu tupu, nikainuka huku natukana moyoni.

Hapo ndipo nilipouona uso wa mpagazi. Alikuwa anatazama vile viti vinne vitupu. Jamani! Tulikuwa tumeandaa mashindano ya kujaza viti, na mashindano kazi yake ni kuwatoa watu vitini. Zamani haikuwa shida, ukiinuka yupo wa kukaa. Safari hii nyuma ya viti hapakuwa na mtu hata mmoja. Ilikuwa saa nane na nusu. Yeye aliyekuwa akikumbuka kila mgodi wa kila ramani, hilo hakuliona. Mimi ninayejiita mjanja wa mjini, nami sikuliona.

"Kaeni!" nikawapigia kelele. "Rudini mkae!"

Mwenzangu alirudi, mwanakwaya alirudi, nami nikakaa. Lakini yule Mchina alikataa kabisa. Akasema aliyeshindwa hakai, yeye amecheza miaka sita na hajawahi kukaa baada ya kushindwa, na leo hataanza. Mpagazi alimsihi kwa sauti ya chini. Mwenzake akamuunga mkono, akasema wakikaa washindwa basi haya si mashindano, ni utani, naye akainuka akaenda kusimama pembeni. Wa tatu akamfuata. Viti vitatu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nimrarue mtu, na hapo nikasikia kicheko.

Kilitoka kwa wale wa mchezo wa ngoma, vijana wawili waliokuwa wakipita kwenda chooni. Walikuwa wamesimama nyuma ya mzee wa Lubumbashi na bwana wa Unguja, waliopangwa kupigana wao kwa wao. Nikaenda kuangalia. Wale mabwana hawakuwa na askari hata mmoja. Walikuwa wamejenga miji, mizuri, yenye nafasi, na kwenye mgodi mkubwa wa katikati ya ramani, ule ambao watu huuana kwa ajili yake, wachimbaji wa rangi nyekundu na wachimbaji wa rangi ya buluu walikuwa wanapishana mlangoni wakitoka na kuingia.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Tumepatana," akasema Mzanzibari.

"Mmepatana nini? Mnatakiwa mpigane!"

"Kwa nini, mama?" akasema mzee, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Dhahabu iko mingi. Askari iko bei. Tumechanga, sawa kontena."

Watu waliozoea kuweka mizigo yao kwenye kontena moja na mtu wasiyemjua, watu ambao riziki yao yote ni kuchangia, umewaweka kwenye ramani moja ukawaambia wauane. Wakaenda wakachangia. Nikamgeukia mpagazi nikitegemea atakasirika, mchezo wake wa miaka yote umegeuzwa soko. Alikuwa ameinama kati ya viti vyao, anatazama, mdomo wazi. Miaka yote ile hakuwahi kuona mgodi wa katikati ukichimbwa mpaka ukaisha. Hakuna aliyewahi kuishi muda huo.

Wale vijana wawili wakawaita wenzao. Wakaja sita, wakaja kumi. Wakacheka sana, halafu wakaacha kucheka wakaanza kushauri: mpe mbao, mpelekee wachimbaji wawili, jengeni daraja. Alasiri ilipoingia bwana wa Unguja akaomba ruhusa akaswali. Nikashtuka kiti kitakuwa kitupu. Mzee wa Lubumbashi akavua koti la suti, akaliweka kwenye kiti cha mwenzake, na muda wote yule alipokuwa akiswali kwenye kona ya ngazi, mzee alihudumia miji yote miwili, mkono huu nyekundu, mkono huu buluu, bila kujichukulia hata kipande cha dhahabu. Vijana walimpigia makofi. Mmoja wao akakaa kiti kitupu, akaniuliza kwa ishara kama naye anaweza kupata wa kuchanga naye. Nikamsukumia mwanakwaya. Wa pili akakaa, na wa tatu. Wale wakongwe watatu walistahimili kwa saa nzima wakiwa wamekunja mikono, halafu yule aliyegoma wa kwanza akasogea kidogo, akamwambia kijana kwamba anachimba vibaya, akamwondoa kitini, akakaa yeye. Kwa kisingizio cha kufundisha. Mpagazi alikuwa hakai mahali, kiti hiki na kile, saa nne nzima, akiuweka sawa mkono wa huyu, akiutikisia kichwa uchimbaji wa yule.

Saa kumi na mbili laobanniang akaja. Akavaa miwani yake. Akahesabu kwa kidevu, moja mpaka kumi. Kumi vyote. Nikaruka juu kama mwendawazimu.

"Haya si mashindano," akasema.

"Ulisema viti!" nikamjibu. "Hukusema vita!"

Hakunisikiliza. Alimtazama mpagazi akamwambia taratibu, na kila neno nililielewa, kwa bahati mbaya. Wageni hawa wiki ijayo watakuwa angani. Vijana hawa wamekuja kutazama kitu kipya, kesho si kipya. Jumapili ijayo utamleta nani? Sote tulijua anasema kweli. Mpagazi akamshika kila mmoja wetu mkono kwa mikono yake miwili, kuanzia mzee wa Lubumbashi, akashukuru. Akashuka ngazi ameshikilia reli. Sisi tukashuka nyuma yake.

Usiku ule niligeukageuka tu kitandani. Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kwenda kwa mfungaji mizigo, nilipanda zile ngazi nikiwa nimeshapanga matusi yangu kwa utaratibu, ya Kichina kwanza, ya Kiswahili baadaye. Nilimkuta laobanniang mezani kwake. Nikatazama dirishani nikaona mashine zimewashwa, na kwenye kioo kimoja kale kamstari kanakoonyesha kitu kinafutwa kalikuwa kanatembea. Mchezo unafutwa. Kuna mtu kainama chini ya meza anahangaika na nyaya.

"Wewe mama una roho gani?" nikaanza. "Viti kumi ulivitaka, viti kumi umepata! Sasa yule maskini aende wapi? Mke wake amwache na nani? Kabichi zako na ziibwe zote, hata mbegu zisibaki!" Niliendelea, mpaka majirani wa Zhanqian nadhani walinisikia.

Laobanniang alingoja nivute pumzi. Halafu akanielekeza kwa kidevu, kule dirishani.

Yule aliyekuwa chini ya meza alitoka, polepole, mkono mmoja mgongoni. Alikuwa amevaa kizibao cha buluu cha wafanyakazi wa ukumbi, chenye namba kifuani. Hana taulo. Akaja mpaka mbele yangu, akasimama wima.

"Mteja," akaniambia kwa heshima zote, "tafadhali, punguza sauti."

Mteja! Miaka yote hiyo dajie, leo mteja. Nilifungua mdomo nimjibu, nikaiona tena ile namba kifuani, nikaufunga.

Laobanniang akanieleza, nusu kwa maneno, nusu kwa kidevu. Kila siku wanapanda wageni wenye pasipoti, wanataka kuongea na kwao, hawajui pa kubonyeza, wafanyakazi wake wanawakimbia. Jana alikaa saa nne akimtazama mtu mmoja akihudumia watu kumi wa lugha tano, na hakumkasirikia hata mmoja. Safu ya dirishani itakuwa ya kupigia simu za kwenu, mwangalizi wake huyu hapa. Alimpigia saa mbili asubuhi akamwambia aje, na kazi ya kwanza ni kufuta ule mchezo kwenye mashine zote kumi.

"Umekubali kuufuta?" nikamuuliza. Nilijaribu kunong'ona.

"Yupo mwingine anayejua kuufuta vizuri?" akasema. Akarudi kwenye mashine ya nne, akaketi, akasubiri kamstari kafike mwisho. Mkono wake ulikaa kwenye kibodi muda kidogo baada ya kumaliza. Kisha akahamia ya tano.

Nilikaa kiti cha karibu naye, sikuwa na la kufanya. Alipopewa mapumziko ya saa sita alimpigia mkewe Shiling, pale pale, kwenye mashine ya kwanza aliyoitayarisha. Kichina chake cha kwao kilinipita pembeni, lakini vipande nilivipata: Jumamosi, basi, usibebe kitu, kazi ipo. Nikasikia mwanamke wa upande wa pili anauliza tena, na yeye anarudia, kazi ipo, kazi ipo. Nikageukia dirishani nikalia kwa raha zangu, kimya kimya, maana ukumbini hawataki kelele.